Mkimbizi Sebuleni na Laki Moja ya Kila Mwezi

Hivi, mpenzi msomaji, ukimpenda mtu unampenda kuanzia siku mliyokutana, au unampenda pamoja na yote yaliyotangulia? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, tena kwa mbwembwe, kwenye kicheni pati yangu. Shangazi mmoja aliniuliza kama namjua vizuri mwanaume ninayekwenda kuishi naye, nikamjibu kwamba yaliyopita si ndwele. Wakapiga vigelegele, nami nikajiona nimemaliza kazi.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa kwenye kochi letu Sinza, Jumamosi ya mvua, natazama filamu ya mkimbizi wa Kiitaliano anayejificha Ufaransa, na lile jibu langu likaanza kuniwasha.

Mume wangu nitamwita Deo, maana ameniruhusu kuandika haya kwa sharti hilo. Ni mtu wa kompyuta, mpole, hana makuu, na anapenda hadithi za upelelezi kuliko mpira, jambo ambalo rafiki zake hawajamsamehe mpaka leo. Mfanyakazi mwenzake anayejifunza Kifaransa alimpa filamu inayoitwa Après la guerre, yaani Baada ya Vita. Mimi nikajua leo nitaona vifaru. Wala! Hakuna kifaru hata kimoja.

Filamu hiyo imeongozwa na mwanamama wa Kiitaliano, Annarita Zambrano, na ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2017. Hadithi inaanza mwaka 2002 mjini Bologna, Italia. Wanafunzi wanapinga mabadiliko ya sheria ya kazi, mara jaji anauawa. Wanaodhaniwa kuhusika wanatafutwa, na jina linalotajwa ni la Marco, mtu ambaye ana miaka 20 hajakanyaga kwao. Ujanani alikuwa kwenye kikundi cha siasa kali za mrengo wa kushoto, akahukumiwa kwa mauaji, akakimbilia Ufaransa na kupata hifadhi. Amejenga maisha. Ana binti wa miaka 16, Viola, ambaye Ufaransa ndiyo kwao. Sasa Italia inamtaka Marco arudishwe, naye anaamua kukimbia tena. Safari hii hakimbii peke yake.

Hapo ndipo filamu iliponikamata. Usitegemee magari yanayofukuzana usiku kucha. Kuna baba na binti wamejificha, wanangoja, na binti anataka maisha yake yarudi. Yeye hakuua mtu. Wakati mambo yale yanatokea hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa. Na huko Italia yupo dada yake Marco, yupo mama yao mzee, yupo shemeji ambaye ni mtu wa sheria, wote walikuwa wameshazoea kuishi kama watu wa kawaida, na ghafla lile jina la ukoo linawarudia mlangoni. Mwisho wake siwaambii, mtatazama wenyewe.

Ilipofika katikati, Deo akanyanyuka akatoka barazani.

"Vipi tena?" nikamuuliza.

"Joto."

Joto gani jamani, na mvua yote ile? Nikaisimamisha filamu, nikabaki naangalia uso wa yule msichana umeganda kwenye kioo.

Kilichokuwa moyoni mwangu

Hapa inabidi niseme ukweli wangu na mimi. Miezi saba kabla ya Jumamosi ile, nilikuwa nimeshika simu ya Deo nikitafuta namba ya fundi bomba. Nikaona ujumbe wa pesa. Shilingi laki moja, imetumwa kwa namba nisiyoijua. Nikarudi nyuma: mwezi uliopita, laki moja, namba ileile. Mwezi wa kabla yake, vilevile. Jina la mpokeaji lilikuwa la kiume, lakini nani asiyejua kwamba laini inaweza kusajiliwa kwa jina la kaka mtu?

Sikumuuliza. Naandika hivi na naona aibu, maana kila siku tunawashauri wenzetu wazungumze na wenzi wao. Mimi nilinyamaza miezi saba. Nilihesabu: kuna nyumba ndogo, au kuna mtoto wa nje, au vyote viwili. Nikawa napika, nacheka na wageni, naenda naye kanisani, na kila tarehe mbili ya mwezi navizia simu yake kama askari kanzu.

Usiku ule wa filamu pia sikumuuliza. Alirudi ndani amelowa bega moja, akasema twende tukalale. Lakini mimi sikulala. Nilichukua simu yangu nikaanza kutafuta kama huyu Marco alikuwepo kweli. Labda nilikuwa nakimbia swali langu kwa kuchunguza la mtu mwingine. Ila niliyoyakuta yaliniweka macho mpaka alfajiri.

Marco ni mtu wa kubuni. Lakini watu wa aina yake walikuwepo, tena wengi.

Mkimbizi aliyetunga riwaya za wakimbizi

Italia ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi inayolala na kuamka na risasi. Vikundi vya mrengo wa kushoto na vya kulia viliua, vililipua mabomu na kuteka watu. Kilichojulikana zaidi ni Brigedi Nyekundu, ambao mwaka 1978 walimteka Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu, wakakaa naye siku 55, kisha wakamuua na kuuacha mwili wake nyuma ya gari katikati ya Roma. Dola ilipowabana, mamia ya wanaharakati walivuka mpaka kuingia Ufaransa. Mwaka 1985 Rais François Mitterrand akatangaza kwamba wale walioachana kabisa na matumizi ya nguvu na kuanza maisha mapya hawatarudishwa kwao. Halikuwa tamko lililoandikwa kuwa sheria; lilikuwa neno la rais. Watu wakaoa, wakazaa, wakapata kazi juu ya neno hilo.

Mmoja wao alikuwa Cesare Battisti, na kisa chake ndicho kilichoninyima usingizi. Jamaa alikuwa kwenye kikundi kidogo kilichojiita Wafanyakazi Wenye Silaha kwa ajili ya Ukomunisti. Alikamatwa mwaka 1979, akatoroka gereza la Frosinone mwaka 1981, akapita Ufaransa, akaenda Mexico, mwaka 1990 akarudi Paris. Huko akafanya kazi ya kuangalia jengo la makazi, ile ya kupokea barua za wapangaji na kuhakikisha ngazi ni safi. Na usiku akaandika riwaya za uhalifu!

Hebu fikiria. Wafaransa wana mapenzi makubwa na riwaya za namna hiyo, wanaziita polar. Tangu zamani watunzi wao wamekuwa wakiwaingiza watu wa siasa kali humo. Jean-Patrick Manchette alitoa Nada mwaka 1972, kuhusu kikundi kinachomteka balozi wa Marekani mjini Paris, na miaka miwili baadaye Claude Chabrol akaifanyia filamu. Sasa anakuja mtu ambaye hahitaji kubuni. Battisti alichapishwa na Gallimard kwenye mfululizo maarufu wa Série Noire, na wahusika wake walikuwa wakimbizi wa Kiitaliano, watu wenye majina mawili, watu wanaoangalia nyuma kabla ya kufungua mlango. Wasomaji wakampenda. Alikuwa na mabinti wawili wanaokua Paris.

Kumbe huko Italia mahakama ilikuwa imeshamhukumu kifungo cha maisha bila yeye kuwepo, kwa mauaji ya watu wanne kati ya mwaka 1978 na 1979: askari magereza, sonara, muuza nyama na polisi. Wawili kati ya hao, sonara wa Milan na muuza nyama wa upande wa Venice, waliuawa siku moja. Kosa lao ni kwamba kila mmoja aliwahi kukabiliana kwa silaha na majambazi waliovamia, jambazi akafa, na kikundi kikaamua kulipiza. Sonara aliitwa Pierluigi Torregiani. Alikuwa na mwanawe wa kulea, Alberto, pale barabarani. Kwenye majibizano ya risasi, moja iliyotoka kwenye bastola ya baba mwenyewe ikampiga mtoto. Tangu siku hiyo, mwaka 1979, Alberto yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mpaka hapo nilikuwa namhurumia mtunzi.

Februari 2004 Ufaransa ilibadilisha msimamo ikamkamata Battisti. Paris ikapasuka vipande viwili. Fred Vargas, mwanamama ambaye ni kati ya watunzi wa riwaya za upelelezi wanaouza sana Ufaransa, alisimama kumtetea na mwaka huohuo akaandika kitabu kizima juu yake. Wasomi, wasanii, wanasiasa, wote wakasema jamaa hakuua. Agosti 2004 akatoweka. Mwaka 2007 akakamatwa Rio de Janeiro. Siku ya mwisho ya mwaka 2010, Rais Lula wa Brazil akakataa kumtoa. Akaachiwa, akapata familia nyingine huko, mtoto wa kiume. Mwaka 2018 upepo wa siasa ukageuka Brazil, akakimbia tena, na Januari 2019 akakamatwa akitembea mtaani kwenye mji wa Santa Cruz, Bolivia. Siku mbili baadaye akashushwa kwenye ndege Roma.

Miaka 37 tangu atoroke. Na Machi 2019, akiwa gerezani Sardinia, akamwita mwendesha mashtaka na kukiri: yote manne alihusika. Akaomba radhi kwa familia za marehemu. Mwaka 2020 Lula naye akaomba radhi kwa familia hizo, kwa kuwa alikuwa amemwamini.

Mimi siwacheki waliomtetea. Najiuliza tu kuhusu nyumbani kwake. Mtu umekula naye, umeshona vifungo vya shati lake, umezaa naye, na kila mwandishi wa habari akija unasema huyu namjua mimi. Je, alimwambia mtu yeyote kitandani usiku? Au alimwacha kila aliyempenda aape kwa jambo ambalo yeye peke yake alijua ni uongo? Ndiyo maana yule Viola wa kwenye filamu alinigusa kuliko baba yake. Deni analilipa mtu ambaye hakukopa.

Lakini si kila kisa kiko hivyo, na hapa nitawachanganya kidogo. Marina Petrella aliwahi kuwa mwanachama wa Brigedi Nyekundu. Hakuficha jina lake. Ufaransa alikuwa mfanyakazi wa huduma za jamii, amelea watoto wake. Alikamatwa mwaka 2007 ili arudishwe. Akaacha kula, akawa wa kulazwa, madaktari wakahofia maisha yake. Oktoba 2008 Rais Nicolas Sarkozy akafuta amri ya kumrudisha, na mke wake, Carla Bruni, ndiye aliyepeleka habari hiyo hospitali. Sasa sikilizeni: familia ya Carla Bruni ni matajiri wa Turin waliohamia Ufaransa yeye akiwa mtoto, kwa kuogopa kutekwa na hao hao Brigedi Nyekundu. Yule aliyekimbizwa utotoni ndiye aliyekwenda kumwambia mwenzake usikimbie tena. Kuna Waitaliano waliochukia sana jambo hilo, na ukiwa mjane wa mmoja wa wale waliouawa sijui kama ningekwambia umekosea.

Hili suala lilifungwa juzi juzi tu. Mwaka 2021 Ufaransa iliwakamata Waitaliano kadhaa wa kundi hilohilo, wakati huo wameshakuwa wazee. Mwaka 2022 mahakama ya rufani ya Paris ikakataa kuwarudisha watu 10, na Machi 2023 mahakama ya juu ikaunga mkono. Moja ya sababu ilikuwa haki ya maisha ya familia: hawa wana wenzi, wana watoto na wajukuu hapa, ni zaidi ya miongo mitatu. Yaani ndoa na watoto vilikwenda mahakamani vikawa ushahidi.

Asubuhi ya Jumapili

Deo aliamka akanikuta jikoni, macho mekundu, chai imepoa. Akadhani nimefiwa.

"Mke wangu, kuna nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kwa busara, kama tunavyofundishana. Badala yake nikatoa yote kwa mkupuo: "Laki moja kila mwezi unampa nani?"

Akakaa. Alikaa muda mrefu mpaka jirani akamaliza kufagia uwanja.

Mimi nilichokuwa nakijua ni kwamba Deo alichelewa mwaka mmoja kumaliza chuo kwa sababu ya ada. Ndivyo alivyoniambia, ndivyo alivyowaambia wazazi wangu siku ya kujitambulisha. Haikuwa ada. Akiwa mwaka wa pili kulitokea mgomo wa wanafunzi kwa sababu ya kuchelewa kwa mikopo, na yeye na mwenzake waliyekuwa wanalala chumba kimoja walikuwa vinara. Walitoa hotuba, waliandika vipeperushi. Nikacheka kidogo, maana Deo wangu huyu kwenye vikao vya ukoo hata kuomba kipaza sauti anaogopa. Yeye hakucheka. Walilala mahabusu usiku mbili, kisha wakaitwa mmoja mmoja na kupewa karatasi: andika barua ya kuomba radhi, na utaje nani alipanga.

"Mwenzangu alikataa," akasema. "Mimi niliandika. Na jina la kwanza niliandika lake."

Deo alisimamishwa mwaka mmoja akarudi. Mwenzake alifukuzwa moja kwa moja, hakusoma tena, leo anaendesha bajaji Mwanza na ana watoto watatu. Miaka minne iliyopita Deo alipata namba yake, akaanza kutuma hela ya ada ya watoto. Hajawahi kumpigia. Hajawahi kuandika neno. Yule jamaa naye anapokea na hajawahi kujibu chochote.

Najua, najua. Barua si bastola, na kumlinganisha mume wangu na Battisti ni kumwonea. Hakuna aliyekufa. Nilimwambia hivyo, na akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: kwamba wakati wa filamu hakumwona Marco kama yeye. Aliyemsumbua ni yule dada mtu kule Italia, anayefungua gazeti asubuhi. "Niliwaza, siku mwenzangu akiamua kusema, wewe utaisikia kwa nani?"

Nilikasirika. Watu wanadhani ukiambiwa ukweli unapata nafuu papo hapo. Mimi nafuu ya kutokuwa na nyumba ndogo ilidumu kama dakika tano, halafu ikaja hasira: miaka mitatu ya ndoa na miwili ya uchumba, na mimi nimeungana naye kuwadanganya wazazi wangu bila kujua. Kila nilipomsifia mbele ya watu kwamba mume wangu ni mtu mnyoofu, yeye alikuwa anasikia nini? Nikamwambia hivyo. Na yeye akanikumbusha, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba mimi nimekaa miezi saba nampekua simu.

Tulikaa wiki mbili tunasalimiana kama wapangaji. Wiki ya pili tulimalizia filamu, kila mtu upande wake wa kochi.

Ilipofika tarehe mbili alishika simu yake kutuma ile laki. Nikamwambia ngoja, mwezi huu natuma mimi. Hakuelewa, nami sikuwa nimepanga sababu. Nilitaka tu jina langu nalo liwemo. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, nikatuma. Huko Mwanza, kwenye simu ya mtu nisiyemjua, likatokea jina la mwanamke lenye ubini wa Deo.

Haikupita robo saa. Simu ya Deo ikaita, ile namba. Akaiweka mezani katikati yetu, akaiangalia ikaita mpaka ikakata. Ikaanza kuita tena, na safari hii akaipokea.